Tunatoka hopitali na karatasi tupu

Leo hatutazungumza mushahara. Tutazungumza karatasi. Ile karatasi ndogo wanakupatia siku unatoka hopitali, billet de sortie, ao wanaandika tu mstari mmoja mu fiche yako na kupiga muhuri. Tangu mwaka jana sisi wa sindika tunaomba wenzetu watuletee hizo karatasi: kila mutu aliyepelekwa pa urgence, na ambulansi ya kompanyi ao na teksi, akalala siku mbili tatu, akarudi kwake. Jina tunalifunika, tunasoma yanayobaki. Mu nyingi kati yazo, pahali pa ugonjwa wameandika "état amélioré". Mu zingine "à suivre", bila kusema nani atafuata nini. Na kuko zingine hazina neno hata moja, kuko muhuri tu.

"État amélioré" haiko ugonjwa. Ni kusema kama mutu alikuja amebebwa na sasa anatoka anatembea. Hilo hata mutoto wake aliliona.

Tuseme hili mapema, juu ba munganga wasitukasirikie bure. Kazi ya urgence ni kuzuia kifo usiku ule. Saa nane ya usiku, munganga mmoja, wagonjwa wamejaa ku benchi mpaka inje, umeme wa SNEL umekatika, groupe inakosa mazutu: huyu mutu hawezi kujua yote. Hata kule Ulaya na Marekani, kwenye mashini za kila namna, watu wengi wanatoka urgence na jina la maumivu tu, "kifua kinauma", "kichwa kinazunguka", bila kujua sababu yake. Kutokujua haiko haya. Sisi wa mukoti tunajua: siku mashini inasimama, mekanisye mwenye akili haanzi kusema "ni pompe". Anasema: nimeangalia mafuta, iko muzuri, nimeangalia filtre, iko muzuri, inabaki kufungua pompe, na leo sina funguo yake. Anaandika mu kaye ya posti. Mwenzake wa posti ya asubui anaanzia pale yeye aliacha.

Njo kaye hiyo tunaitafuta mu hopitali. Munganga aliyesema "hatujajua, moyo tumeupima uko sawa, damu iko sawa, inabaki radio ya kifua, urudie kisha siku nane" amefanya kazi yake, hata kama hajapata jina. Yule aliyesema "umepona, enda" na kupiga muhuri, huyo ametuachia mzigo bila kutuambia ndani muko nini.

Angalia vile inapita. Mwenzetu mmoja, dereva wa benne, alishikwa na kifua mu posti ya usiku. Wakamupeleka ku hopitali moja ya muji yenye kuwa na kontra na kompanyi. Akalala tatu. Serum, kinini, antibiotiki. Siku ya ine wakaandika palu, état amélioré. Muke wake akauliza: "Kama ni palu, juu ya nini hakukuwa na homa hata siku moja?" Infirmier akamujibu: "Mama, ushukuru Mungu, bwana yako anatoka." Siku ya pili akarudi ku kazi, "apte". Juma mbili nyuma, kifua tena. Safari hii hopitali ingine, juu ile ya kwanza ilikuwa imejaa. Kule wakaanza upya: sindano ileile, vipimo vilevile, kinini tena, maana hakukuwa karatasi ya kuwaambia nini ilikwisha kuangaliwa. Ilifika mara ya tatu njo munganga mmoja kijana akamuuliza: "Mbele ya kuendesha, ulikuwa unafanya nini?" Akajibu: "Concassage, miaka kumi na moja." Munganga akaweka kalamu chini, akaomba radio ya kifua. Hatusemi ni silikozi. Munganga bado hajasema, na sisi hatuko ba munganga. Tunasema tu: miezi mitatu ilipita mbele ya mutu kuuliza lile swali, na lile swali haliombi franga hata moja.

Sasa tuzungumze wale mapacha wetu wawili, palu na typhoïde. Mu Lubumbashi mutu akiumwa tumbo, ni palu na typhoïde. Akiumwa kichwa, palu na typhoïde. Akianguka ku concentrateur juu ya joto na kukosa kula, tunasikia kesho yake: "Banamukutia palu na typhoïde." Watu wanacheka, lakini ndani ya kucheka kuko makaburi.

Palu inaua kweli, asitokee mutu kusema sindika inazarau palu. Inchi yetu ni ya pili mu dunia kwa wagonjwa na kwa vifo vya malaria, nyuma ya Nijeria. Munganga anayetoa dawa ya palu mbio mbio anaokoa watu, zaidi watoto. Lakini hapa kwenye mbu wako mwaka muzima, mutu mukubwa anaweza kuwa na vimelea vya malaria mu damu na haviko vile vinamuangusha siku ile. Goutte épaisse ikisema "positif", ni kweli kuko vimelea. Haisemi kama hakuna kitu kingine. Mutu anaweza kuwa na palu na moyo mugonjwa. Anaweza kuwa na palu na kuvuta moshi mubaya wa mashini chini ya udongo. Ukipata la kwanza na kufunga fiche, la pili linaenda nyumbani pamoja na mugonjwa.

Typhoïde ni mubaya zaidi, juu kile kipimo wanachotumia mahali mingi, Widal, ni cha mwaka 1896. Kilitengenezwa na munganga wa Paris, Fernand Widal, na mu wakati wake kilikuwa kitu kikubwa. Lakini Widal haioni mikrobe yenyewe. Inaangalia askari ambao mwili ulitengeneza juu ya kupigana nayo, na hao askari wanaweza kubaki mu damu wakati mrefu kisha ugonjwa kuisha, ao kuamushwa na ugonjwa mwingine kabisa. Widal moja tu, iliyofanywa mara moja, haitoshi kusema mutu ana typhoïde. Kipimo cha kweli ni hémoculture: wanachukua damu, wanaiweka, wanangoja mikrobe iote. Inaomba siku, inaomba makuta, inaomba laboratwari yenye umeme usiokatika. Basi mahali mingi wanafanya Widal, "positif", antibiotiki siku kumi, bon imekwisha. Mutu akiona nafuu, wanasema ni dawa. Asipoona, wanasema typhoïde yake ni "ya zamani". Tumesikia watu wanajivunia: "Miye niko na typhoïde tangu 2015." Ndugu, typhoïde gani hiyo inakaa na mutu kama mupangaji?

Kumbukeni mambo ya Panzi, kule Kwango, mwisho wa mwaka 2024. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba walihesabu wagonjwa 406 na vifo 31, wengi watoto, na ugonjwa haukukuwa na jina. Dunia nzima ikashituka, OMS ikatuma watu na vyombo. Kisha kutafuta, wakakuta: malaria, pamoja na maambukizo ya virusi vya kupumua, ndani ya miili iliyokuwa imekonda na njaa. Tazameni vizuri. Kama wangeishia ku goutte épaisse ya kwanza, wangesema "palu" na kufunga. Wangekuwa wamesema kweli nusu, na njaa isingeandikwa mahali popote. Walipata jibu juu walikataa kuridhika na jina la kwanza.

Lakini kwa Panzi watu walikufa pamoja, mahali pamoja, njo dunia ikaona. Sisi tunaanguka mumoja mumoja. Leo mutu wa Ruashi, juma lijalo mutu wa Kipushi, mwezi ujao mutu wa Kambove, kila mutu mu hopitali yake, kila fiche mu kabati yake, na kila fiche inasema "état amélioré". Nani atazijumlisha? Kama kuko kitu mu usine kinachoumiza watu wa atelye moja, namna gani munganga wa muji atajua kama wale wanne aliowaona tangu Pasaka walitoka atelye moja, ikiwa mu fiche pa "profession" wameandika "agent" kwa wote wane?

Hapo tunafika ku jambo linalotuchoma zaidi. "Profession: agent." Agent wa nini? Agent anayekaa mu biro na agent anayesimama juu ya bakuli ya asidi ku électrolyse, wote ni "agent". Muke wake wameandika "ménagère", na kila siku ya posho huyo mama anafua kombinezo zenye vumbi ya mukoti, na mikono yake, mu bombo moja na nguo za watoto. Mwingine wameandika "commerçante", kumbe anaosha mawe ya malachite ku muto. (Tunasema "siku ya posho" kwa Saturday, na vijana hawajui tena sababu: ni siku Union Minière ilikuwa inagawa chakula. Jina la posho limebaki, posho yenyewe imekwenda.)

Mwaka 1700 munganga mumoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya kazi. Humo aliambia waganga wenzake: kwa yale maswali munauliza mugonjwa, muongeze moja, anafanya kazi gani. Ni zaidi ya miaka mia tatu sasa. Mulio na wasiwasi kama hilo swali lina faida, musikilize habari ya Quebec, kule Canada, mu miaka 1965 na 1966. Makumi ya wanaume walifika hopitali na moyo uliochoka, wamevimba, wanakosa pumzi, na wengi wakakufa. Ba munganga hawakuelewa. Kwa kuulizauliza maisha yao wakakuta wote ni wanywaji wakubwa wa pombe, na pombe yenyewe kiwanda kilikuwa kimetia kobalti ndani yake juu povu isimame muzuri mu kopo. Kobalti! Ile ile tunachimba, tunasaga, tunabeba ku mugongo. Walipoacha kuitia, wagonjwa wapya wakaacha kuja. Hatusemi mufanyakazi wa hapa anapata kobalti kiasi kama ya wale wanywaji, na wale walikuwa wanakunywa sana na kula vibaya. Tunasema kama munganga wa Quebec alifikia jibu kwa kuuliza "unakunywa nini", munganga wa Lubumbashi atafikia jibu kwa kuuliza "unafanya wapi".

Tena haiko kusema kama hapa hakuna wenye kujua. UNILU iko na watu wake. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, pamoja na wa chuo kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga: kwa wale wanaokaa karibu ya migodi na viwanda, kobalti ilikuwa kati ya viwango vikubwa kabisa vilivyopata kuandikwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2020 wakatoa ingine, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema hapa Lubumbashi. Pale baba alikuwa anafanya kazi ya migodi, hatari ilikuwa kubwa zaidi mara tano na nusu hivi. Damu ya mama peke yake haikueleza jambo lile. Ni swali la kazi ya baba njo lilifungua mulango. Haya yako mu magazeti ya sayansi, kwa Kiingereza. Mu fiche ya urgence bado hayajafika.

Wengine watasema: jina la ugonjwa litatusaidia nini, bora dawa. Tuwaambie nini wanapoteza.

Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha mukubwa wa kazi amutunze mufanyakazi na jamaa yake: munganga, dawa, hopitali. Muzuri. Lakini inasema mpaka mwisho wa kontra. Basi chukua kijana wa sous-traitance, kontra yake miezi sita, anafanya foreuse mu vumbi. Silikozi haitoki siku moja. Vumbi ya mawe inaingia mu mapafu, inafanya makovu polepole, mara nyingi miaka kumi na zaidi, na inaweza kuendelea hata mutu ameacha kazi. Dawa ya kuimaliza haiko. Tena inafungulia kifua kikuu mulango. Siku huyo kijana ataanza kukohoa kweli, kontra itakuwa imekufa zamani, na kompanyi ya sous-traitance pengine imebadili jina. Kitu kimoja tu kinaweza kumufuata: karatasi. "Tarehe fulani, alikuja na kifua, alikuwa anafanya foreuse, radio ilionyesha hivi." Bila hiyo, atakuwa mutu anayekohoa tu, kama watu wengine wote wa Katuba.

Na CNSS, ile wazee bado wanaita INSS. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka tawi la hatari za kazi, na kwa tawi lile kompanyi inalipa 1,5% ya mushahara, yenyewe peke yake, haikatwi ku mufanyakazi. Yaani makuta yanalipwa kila mwezi juu ya siku utaumizwa na kazi. Lakini dirisha ya CNSS haijui "état amélioré". Inaomba jina la ugonjwa, na kitu cha kuonyesha kama ulitoka ku kazi. Tumesindikiza wenzetu pale. Tunarudi nao na bahasha tuliyokwenda nayo.

Kwa krezeri hatuna hata kifungu cha kuwasomea. Yule haiko na mukubwa wa kazi mwenye kuandikwa, haiko na bon, haiko na CNSS. Akitolewa mu shimo hana pumzi, wenzake wanachanga makuta pale pale, na hopitali inamutunza kadiri ya mchango. Mchango ukiisha, ugonjwa "umekwisha".

Makuta, njo neno. Mwaka 2018 waandishi wa habari wa Associated Press walipita mu hopitali na vituo zaidi ya 20 vya Lubumbashi, wakakuta vyote isipokuwa kimoja vinafunga wagonjwa walioshindwa kulipa. Kila mutu hapa anajua hiyo, hatukuwa na haja ya mugeni kutuambia, lakini ni vizuri iliandikwa. Ukijua kama kila siku ya kulala ni deni, utaelewa juu ya nini mugonjwa mwenyewe anaomba kutoka mbele ya radio kufanywa. Wanamutolea karatasi ya kusaini: anatoka kwa mapenzi yake. Mapenzi gani? Na kwa wenye bon ni shida ingine: bon inafunika siku tatu, ekzame kubwa inaomba ruhusa ya biro ya kompanyi, na biro imefungwa toka siku ya posho mpaka kazi moja. Munganga anafanya nini? Anaandika palu.

Kuko jambo ambalo mu mikutano watu hawapendi tulitaje. Kuko wenzetu wanaopenda ile karatasi tupu. Wanaiogopa ile yenye jina. Mutu anawaza: wakiandika moyo, wataniondoa ku benne, wakiandika mapafu, "inapte", nakwenda nyumbani na watoto sita. Na hawakosei kuogopa, tumeona watu wakiondolewa namna hiyo. Mu kompanyi nyingi munganga anayekutunza analipwa na mwenye kukuajiri, na fiche yako inasomwa na watu ambao hawana haki ya kuisoma. Basi kama sindika inapiga kelele "andikeni majina", kisha haisemi majina yale yanakwenda kwa nani, itakuwa inawachongea wenzake.

Njo maana tunaomba karatasi mbili, na tunaomba hivyo mbele ya mazungumuzo yajayo ya convention collective. Moja ni ya mugonjwa, yake peke yake: nini kiliangaliwa, nini kilionekana, nini kilionekana hakipo, nini kinabaki kuangaliwa na lini, dawa gani alipewa na kiasi gani, kazi anayofanya na zile alizofanya mbele. Kama jina halijulikani, liandikwe "halijajulikana", kwa herufi nzima. Ya pili ni ya kompanyi: anaweza kufanya kazi, ao hawezi kwa siku ngapi, ao anaweza lakini si mu vumbi, si usiku. Basi. Ugonjwa wake hauwahusu. Na mutu aliyekatazwa vumbi abadilishiwe kazi, asifukuzwe, mpaka ekzame zake ziishe. Radio iliyobaki kisha urgence ihesabiwe ndani ya bon ileile, isiombe ruhusa mupya.

Wakubwa wamoja walitujibu kama hii italeta gharama. Tuliwauliza gharama ya kumulaza dereva mumoja mara tatu na kumupa kinini mara tatu. Walisema wataangalia.

Tena mu kompanyi sheria inataka kuwe Comité ya usalama na hygiène, na ba delegue ndani yake. Mahali mingi inakutana siku wanapiga picha. Tunataka Comité ipewe kila mwezi hesabu tu, bila majina: watu wangapi walipelekwa urgence, wa atelye gani, wa posti gani, wangapi walitoka bila jina la ugonjwa. Watu watano wa atelye moja wakitoka bila jina mu miezi miwili, atelye ile ipimwe hewa.

Kwa ba munganga wa hospitali za serikali hatuna ugomvi. Tunajua mushahara wao na tunajua migomo yao, wengine kati yao wanaishi kama sisi ao chini yetu. Tunawaomba dakika tatu mbele ya muhuri.

Na kwenu ba mama, maana mara nyingi ni nyinyi munakaa ku kitanda cha mugonjwa wakati yeye analala. Siku ya kutoka musisimame kwanza mutafute teksi. Muulize kwa adabu: "Docteur, munapata nini? Na kama hamujapata, munazania nini? Kitu gani kikitokea turudie usiku ule ule?" Muombe iandikwe. Mutaje kazi ya papa hata kama hawakuuliza, mutaje na kazi zake za zamani, na kama kuko wengine wa atelye yake wanaoumwa vilevile, mutaje nao. Akikasirika, mungoje, muulize tena. Ukiwa hujui kusoma Kifaransa, mutoto wa sekondari asome mbele hamujavuka mulango.

Karatasi zote muziweke pamoja mu sakosi ya plastiki, pahali mvua haifiki. Delegue wa posti yenu atapita kuzipiga foto na kufunika jina. Piche za radio za zamani nazo tunazitaka, hata zile mulizogundisha ku dirisha ya choo juu ya kuzuia jirani kuona ndani.